Bibi Alianzia Kulia

Alikuwa barazani, ungo wa mchele mapajani, anatoa chuya. Nikampa karatasi. Visanduku sita, viwili viwili kwa safu tatu, bila neno hata moja ndani yake. Akajipangusa vidole kwenye kanga, akaiweka karatasi mbali kidogo na uso kama afanyavyo akiwa hana miwani, akaanza kutazama.

Alitazama muda mrefu. Watu wawili walipita wakatoa salamu, akaitikia bila kuinua kichwa.

“Maskini,” akasema mwishowe. “Kwani alikufa lini?”

Hakuna aliyekufa kwenye ukurasa ule.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, baada ya Laasiri, Kibokoni, hapa Mombasa. Zimepita wiki saba na swali la Bibi bado linanikaa kooni. Nimevuka nalo kivuko cha Likoni asubuhi na jioni, nimelala nalo, nimeamka nalo. Naandika nione kama litashuka.

## Nilichochora

Hadithi yangu ilikuwa nyepesi. Safu ya juu, kushoto: mtoto amesimama kwenye ngazi za Bandari ya Kale, kofia ya vito kichwani, hamri mkononi. Kulia kwake: kofia iko hewani juu ya maji, mistari mitatu ya upepo nyuma yake. Safu ya kati, kushoto: mtoto kichwa wazi, anatazama bahari. Kulia: mzee ndani ya mtumbwi amenyoosha mkono, ameshika kofia inayochuruzika maji. Safu ya chini, kushoto: mtoto yuko mlangoni kwao, na mkono wa mamake, mkono tu wenye bangili, umetoka ndani kumpokea. Kulia, mwisho: mtoto anakula hamri barazani, kofia imeanikwa kwenye kamba, matone mawili chini yake.

Upepo ulichukua kofia, mzee akairudisha, mtoto akapokewa kwao. Nilitaka watoto ninaowafunza kuchora Jumamosi waone jinsi hadithi inavyokwenda bila maneno.

## Alichosoma

Bibi alianzia kulia.

Kwa hiyo cha kwanza alichokiona ni kofia tupu juu ya bahari, na hakuna mtu. Kisha akamwona mtoto mwenye kofia kama ile ile kichwani. Kisha mzee wa mtumbwi na kofia iliyolowa. Kisha mtoto kichwa wazi mbele ya maji. Kisha kofia kwenye kamba. Mwisho kabisa, mkono wa mama.

“Mwenye kofia ya kwanza hatumuoni,” akanieleza, kidole chake kikitembea juu ya karatasi. “Bahari imemchukua, imebakisha kofia. Huyu mwanawe anayo kama hiyo, walishonewa pamoja. Mzee ameleta alichokipata. Mtoto naye akavua yake.”

“Kwa nini alivua?”

“Kwani wewe ungebaki nayo?”

Nikanyamaza. Akaendelea.

“Hii ya babake ameianika nje, hataki mamake aione. Bado yachuruzika maji, tazama. Yeye anakula, mtoto ni mtoto, ana njaa. Lakini mama keshajua. Uone mkono ule. Yuwaitaka kofia.”

Nikamuuliza kama mama alipewa. Akanitazama kwa mshangao.

“Wewe ndiwe uliyechora, waniuliza mimi?”

Akarudi kwenye mchele wake.

## Sentensi niliyowaambia watoto

Wiki ile ile, kabla ya kumwonyesha Bibi, nilikuwa nimesimama mbele ya watoto kumi na wanne nikawaambia: maneno yana lugha, picha haina. Niliisema kwa uhakika kabisa. Ndiyo sababu ukurasa wangu haukuwa na viputo vya maneno. Niliamini kwamba nikiyaondoa maneno, mtu yeyote wa popote ataelewa.

Lakini mimi mwenyewe nilijifunza wapi kwamba kisanduku cha kushoto ndicho cha kwanza? Sikumbuki kufunzwa. Nilikulia kwenye Taifa Leo, na Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau, alikuwa ananisubiri kila baba aletapo gazeti. Macho yangu yalishika njia kabla sijajua kwamba ni njia. Kushoto kwenda kulia, ukifika ukingoni unashuka, unaanza tena kushoto. Ni mwendo wa herufi za Kirumi, na vibonzo vilivyozaliwa Ulaya viliuchukua kama ulivyo. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyechapisha hadithi zake za picha katika miaka ya 1830, aliweka maandishi chini ya kila picha. Jicho la msomaji wake lilikuwa limeshapangiwa upande wa kuanzia.

Hata walipo watu wawili wanaozungumza ndani ya kisanduku kimoja, mchoraji wa mwendo huo hujua kwamba atakayesema kwanza awekwe kushoto. Ukimweka kulia, jibu linatangulia swali.

Bibi alisoma chuoni, chuo cha Kurani. Herufi zake za kwanza ni za Kiarabu, na Kiswahili alikisoma kwa herufi hizo hizo kabla hajaijua A. Za Kirumi alizipata ukubwani, kwenye majina ya kanga na vikaratasi vya dawa. Gazeti hakuwahi kulizoea. Basi nilipomwekea karatasi mapajani, aliisoma kama alivyofunzwa kusoma.

Hakukosea popote.

## Ukwapi na utao

Kilichonichoma zaidi nilikiona usiku wa tatu, nikiwa nimelala chali. Ukurasa wangu ulikuwa na visanduku viwili viwili kwa kila safu. Mshororo wa shairi nao una vipande viwili: ukwapi, pumziko, utao. Mizani minane, kituo kidogo cha pumzi, mizani minane. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtu wa Mvita, Mombasa hii hii, yamesimama juu ya umbo hilo. Na ukiandika shairi kwa herufi za Kiarabu, ukwapi unakaa kulia na utao unakaa kushoto.

Bibi, ambaye anayajua mashairi mengi kwa moyo, aliwekewa safu tatu zenye vipande viwili viwili na uwazi katikati. Angesomaje?

Kwake, kila safu ilikuwa mshororo. Kofia tupu ni ukwapi, mtoto mwenye kofia ni utao: cha kwanza kinauliza, cha pili kinajibu. Mzee aletaye kofia, mtoto aliyevua yake. Kofia kwenye kamba, mkono unaoomba. Nikilisema hivi hadi leo mwili unanisisimka, kwa sababu safu zangu, kwa mwendo niliokusudia mimi, hazikuwa na ulinganifu huo hata kidogo. Kwangu zilikuwa tukio baada ya tukio.

## Kichochoro

Watoto wangu wa Jumamosi wana jina la ule uwazi mweupe ulio kati ya kisanduku na kisanduku. Wanauita kichochoro. Mmoja wao alisema tu siku moja, “Mwalimu, kichochoro changu kimekuwa kipana,” na toka hapo jina likashika. Wachoraji wa Kiingereza huuita mfereji. Nalipenda zaidi letu, maana katika mfereji hupita maji na katika kichochoro hupita mtu.

Mmarekani Scott McCloud, mchoraji mwenyewe, alieleza mwaka 1993, kwa kutumia vibonzo hivyo hivyo, kwamba kazi kubwa ya sanaa hii hufanyika pale pasipochorwa kitu. Mchoraji hutoa nyakati mbili zilizokatika, na msomaji huziunga kichwani mwake kuwa mwendo mmoja. Filamu huonyesha picha kwa kasi hata macho yakadanganyika. Kibonzo hakidanganyi macho. Kinakuachia shimo na wewe unalifukia.

Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka. Nilikuwa nalifunza. Ila nilidhani shimo langu lina umbo, na kwamba kila mtu atalifukia kwa udongo ule ule.

Chukueni safu ya kati. Kwangu, kati ya mtoto anayetazama bahari na mzee mwenye kofia, pana kama saa moja. Mzee ameiona kofia inaelea, amepiga makafi, ameiokota, amegeuza mtumbwi. Yote hayo sikuyachora, na niliamini msomaji atayaona. Kwa Bibi mwendo ni kinyume, mzee anatangulia, na kati ya visanduku vile vile viwili pana kitambo cha kuvuta pumzi. Mtoto anainua mkono, anaishika kofia yake mwenyewe, anaivua. Kitendo hicho hakiko kwenye karatasi yangu. Sikuwahi kukifikiria. Lakini alikiona wazi kiasi cha kuniuliza mimi ningefanya nini.

Na kuna jambo la kofia zenyewe.

Kwangu kofia ni moja, nimeichora mara nne. Kwake ni mbili. Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Nani kasema kwamba kitu kinachofanana kwenye visanduku viwili ni kitu kimoja? Nilikwenda Ngomeni, ile Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ajili ya jambo hilo tu. Ndani yake imehifadhiwa michoro waliyoichora Wareno kutani, na humo mna meli kadhaa. Nilisimama mbele yake muda mrefu na swali moja: hizi ni meli nyingi, au ni chache zilizoonekana siku tofauti na mtu anayesubiri? Huwezi kujua. Hakuna fremu. Nilikuwa nafikiri fremu inatenga mahali na mahali. Pale niliona kwamba kazi yake ya kwanza ni kutenga wakati na wakati: inamwambia msomaji kwamba huyu ni yule yule, ila sasa ni baadaye. Mwenye mazoea husikia hivyo. Asiye na mazoea huona vitu viwili, na ana haki, kwa sababu vimechorwa viwili.

## Nilipojaribu kuutengeneza

Sitaficha kwamba mwanzoni nilitaka tu kuurekebisha ukurasa. Nilijiona nimeshindwa kazi.

Nikaweka namba pembeni mwa kila kisanduku, moja hadi sita. Bibi akazifuata kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafika sita. “Sasa wanihesabia kama mtoto wa chuoni,” akasema, na hakunieleza hadithi yoyote. Namba zilimwonyesha njia, lakini zilimwondolea sababu ya kupita.

Nikafanya jambo la pili, nikaugeuza ukurasa mzima kwenye kompyuta, kulia kuwa kushoto, kama kwenye kioo. Jambo hili lina historia. Vibonzo vya Wajapani husomwa kuanzia kulia, na wachapishaji wa Marekani walipoanza kuvitoa kwa Kiingereza waliugeuza kila ukurasa hivyo ili umfae msomaji wao. Wapiganaji wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi waliacha, wakamwachia msomaji ajifunze kuanzia upande mwingine, na wasomaji wakajifunza.

Yaliyowapata wao yalinipata mimi. Kona ya Ngome niliyoichora kwa mbali, ambayo ukisimama Bandari ya Kale ukitazama maji iko kuliani kwako, ilihamia kushoto, mahali ambapo haijapata kuwa. Hilo Bibi hakulisema. Alitazama kisanduku cha mwisho, akakunja uso.

“Huyu mtoto hakufunzwa?”

Mtoto alikuwa anakula hamri kwa mkono wa kushoto.

Nilichukua karatasi yangu nikaondoka nayo. Nilikuwa nimegeuza mwendo wa macho, nikageuza na adabu za mtoto, na mji, bila kujua. Picha ina mkono wa kulia na wa kushoto. Huwezi kuipindua kama unavyopindua chapati ukadhani ni ile ile.

## Safu moja

Njia ya tatu ndiyo iliyofanya kazi, na ndiyo iliyonisumbua kuliko zote.

Nilivipanga visanduku vyote sita kimoja chini ya kingine, safu moja ndefu, nikaiweka kwenye simu. Wakorea ndio walioeneza mtindo huu. Hadithi haina ukurasa, unaisukuma kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Juu kwenda chini hakuna mgogoro. Wa herufi za Kirumi anashuka, wa herufi za Kiarabu anashuka.

Bibi alishika simu, akasukuma mara sita.

“Alhamdulillahi, ameipata,” akasema. Akanirudishia simu.

Ndivyo nilivyotaka tangu siku ya kwanza. Kofia moja, upepo mmoja, mtoto aliyerudi kwao salama. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa nusu. Sikufurahi, na ilinichukua siku kadhaa kujua kwa nini.

Kwenye karatasi, Bibi aliona visanduku vyote kwa pamoja kabla hajaanza kusoma hata kimoja. Nilimuuliza baadaye nini kilimshika kwanza. Akasema mkono. Mkono wa mama wenye bangili, ule wa chini, ulimwita kabla hajafika. Kwa hiyo alipoiona kofia tupu juu ya maji, tayari kulikuwa na mama mahali fulani chini ya ukurasa, amenyoosha mkono, anasubiri. Alisoma kila kisanduku akielekea kwake. Hili ndilo ambalo kibonzo cha karatasi kinaweza na hadithi ya kusimuliwa kwa mdomo haiwezi: jana, leo na kesho vimelala upande kwa upande mbele ya macho yako, na jicho linaiba kesho kabla ya zamu yake. Wachoraji wazuri wanalijua. Ndiyo maana jambo la kushtua hawaliweki kwenye ukurasa ulio wazi. Wanalificha nyuma, hadi ufunue.

Kwenye simu mkono ule ulitokea mara yake ilipofika, ukapita. Ulikuwa mkono wa kumpokea mtoto, basi.

## Swali la mtoto

Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto kwamba ile sentensi yangu haikuwa kweli. Nikawagawia ukurasa wa kwanza, ule wa karatasi, nusu yao waanzie kushoto na nusu waanzie kulia, kisha kila mmoja amsimulie jirani yake.

Chumba kilijaa makelele. Mmoja wa upande wa kulia alisema kofia ya kwanza ni ya jini. Mwingine alisema mzee wa mtumbwi ndiye mwizi, anarudisha kwa sababu ameogopa. Waliobishana zaidi ni wawili waliokuwa wamesoma upande mmoja, wote kutoka kushoto, na bado hawakukubaliana kama mama amekasirika au hapana.

Kisha msichana mmoja mdogo, ambaye kwa kawaida hasemi, akaniuliza: “Mwalimu, ya kweli ni ipi?”

Nilianza kumjibu kwamba ya kweli ni yangu, nikakatika. Ya kwangu niliikusudia. Lakini kukusudia sikukuchora mahali popote. Nilichochora ni mtoto, maji, mzee, kofia nne, mkono mmoja. Nikamwambia nitamjibu, na mpaka leo sijamjibu. Kuna siku naona kwamba kazi ya mchoraji ni kuziba vichochoro vyote isipokuwa kimoja, msomaji asipotee. Nikimkumbuka Bibi na kidole chake juu ya karatasi, naona hiyo ni khiyana.

Ninachokijua kwa sasa ni kidogo. Nikichora mkono, siandiki tena pembeni mwa daftari langu kwamba ni wa kupokea. Nauchora vizuri, nahesabu bangili, nauacha umetoka mlangoni. Na kabla ya kupanga visanduku najiuliza nani atashika karatasi hii na macho yake yatokea wapi.

## Juzi

Nilikwenda kuichukua ile karatasi ya kwanza niitie wino upya. Bibi alikuwa ameiweka chini ya mto, imekunjwa mara mbili, imeanza kuchakaa kwenye mkunjo. Hakutaka kunipa.

Nikamwambia nataka kuchora ukurasa wa pili. Wa kuanzia kulia, safu tatu, kama alivyousoma yeye. Nikakaa naye barazani na penseli, nikagawa visanduku sita kwa rula. Cha kwanza, juu kulia, nikachora kizingiti na kofia imelala chini yake, imekauka. Kisha nikasimama, kwa sababu sikujua mama yuko ndani bado au ametoka.

“Alimpa?” nikamuuliza kwa mara nyingine. “Mtoto, alimpa mamake ile kofia?”

Alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Akatoa chuya mbili, akazitupa barabarani.

“Chora tuone,” akasema.